Kiganja cha Kwanza

Mtoto alicheza mara ya kwanza siku ambayo haikuwa imetangazwa.

Usiharakishe kucheka. Katika mji ule siku hazikuja zenyewe kama zinavyokuja kwenu. Zilitolewa. Asubuhi kipaza sauti kilichofungwa juu ya mnara wa Jumba la wakubwa kilikohoa mara mbili, kikasema, "Leo ni Alhamisi," na ikawa Alhamisi. Au kilisema, "Leo ni jana," na watu wakarudia kazi za jana, wakala viporo vya jana, wakagombana tena na wake zao ugomvi uleule, ingawa safari hii hakuna aliyekumbuka vizuri nani alianza. Zilikuwapo pia asubuhi ambazo kipaza sauti kilinyamaza. Hapo watu walikaa vibarazani wakisubiri, jua likapanda, jua likashuka, na muda ule wote haukuwa wa mtu yeyote. Mikate haikuokwa. Maiti hawakuzikwa. Hata wenye hasira zao walizitunza mpaka itangazwe siku ya kuzitumia. Mimi huwa najiuliza, mtu aliyezoea kupewa leo yake na mwingine, akipata leo ya bure ataijua kweli? Au ataikanyaga akidhani ni kivuli cha mguu wake?

Basi ilikuwa asubuhi ya namna hiyo, asubuhi tupu. Zamoyoni alikuwa amekaa kibarazani na ungo mapajani, anachambua mchele ambao hakuwa na ruhusa ya kuupika, ilimradi tu mikono isikae bure. Ndipo alipohisi kitu chini ya kitovu. Hakikuwa kitu cha kushtua. Kilimgusa kwa ndani kama samaki mdogo anavyokugusa kifundo cha mguu unapovuka kijito, kisha kikaenda zake. Zamoyoni aliacha punje moja ya mchele kati ya vidole viwili. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Majirani walikuwa wamekaa wakiusikiliza ukimya wa mnara. Hakuna aliyemwona. Kikaja tena.

Wewe. Ni wewe? Nani kakuamsha? Hawajasema kitu huko juu. Hakuna leo bado, mwanangu, na wewe umeshaanza. Umeitoa wapi? Rudi ulale. Hapana, usilale. Fanya tena. Polepole. Wasituone.

Alicheka peke yake, kicheko cha puani, halafu akaogopa. Aliogopa sana, na ili ujue aliogopa nini lazima nikueleze habari za viganja.

Watu wa mji ule waliamini kwamba mtoto hukaa tumboni bila kuwa mtu mpaka acheze. Akishacheza, kiganja cha kwanza kitakachogusa tumbo hilo, kisiwe cha mama, ndicho kinachomfanya awe nani. Cha mama hakikuingia, maana mama na mtoto walikuwa bado mwili mmoja, na hakuna ajipaye kitu asichokuwa nacho. Zamani mambo yalikuwa rahisi. Mtoto alipocheza, mama alimwita amtakaye, mfinyanzi au shangazi mcheshi au mzee mwenye subira, akasema, "Weka mkono hapa." Mtoto akazaliwa na mwendo wa yule, na ukaidi wa yule, na namna yake ya kuinamisha kichwa anapodanganya. Kila nyumba ilikuwa na vurugu yake. Lakini kitu kizuri kikikaa sana mikononi mwa watu wadogo, wakubwa hukitolea macho. Enzi za mama yake Bi Kidawa, mama mkwe wa Zamoyoni, Jumba likaamuru kwamba tumbo lolote lililocheza lipelekwe kwanza kwa Mweka Kiganja, na kwamba mwenye mimba afungwe kitambaa cheupe kiunoni, asiguswe na mtu mpaka siku hiyo. Mweka Kiganja alikuwa mmoja tu. Mkono wake wa kulia haukufanya kazi nyingine duniani. Hakulia chakula, hakumpa mtu mkono, hakujikunia. Uliishi ndani ya mfuko wa pamba.

Ndiyo maana watu wa mji ule walikuwa wamefanana, si kwa sura, bali kwa kitu cha ndani kinachoitikia ukikiita. Walikohoa kwa sauti moja. Walisimama na kukaa kwa pamoja. Wanaume waliotoka kazini mara nyingi walipotea njia, wakaingia nyumba isiyo yao, wakanawa, wakala, wakaanza kumlalamikia mwanamke chumvi, na mwanamke naye akajibu kama anavyojibu kila siku, mpaka mmoja wao anapomtazama mwenziwe machoni na kusema, "Samahani, sidhani kama wewe ni wangu." Hakuna aliyeona haya. Lilikuwa kosa la kawaida, kama kuvaa ndala ya mwenzio mlangoni. Machano, mume wa Zamoyoni, aliwahi kukaa nyumba ya tatu kutoka kwake kwa leo nne mfululizo. Aliporudi alisema tu kwamba huko maharagwe yalikuwa laini zaidi.

Zamoyoni peke yake hakuwahi kukosea mlango. Mama yake alipokuwa na mimba yake, iliyokwisha kucheza, aliteleza ukingoni mwa mto, akadakwa na mwanamke mpita njia asiyejulikana, mkono mmoja mgongoni, mmoja tumboni. Mwanamke yule alimsimamisha, akajifunga vizuri nguo yake, akaenda. Hakuuliza njia wala hakuaga. Walipomfikisha mama kwa Mweka Kiganja, kiganja kililala juu ya tumbo lililokwisha kuwa na mwenyewe. Ndiyo sababu Zamoyoni alitembea kwa mwendo ambao mji mzima uliutambua gizani na mchana. Usidhani ilikuwa raha. Alicheka pale ambapo wenziwe hawakuona cha kuchekwa. Alilia harusini. Aliwahi kusimama sokoni akauliza kwa nini leo ni jana, na watu wakamtazama kwa huruma, kama mtu aliyepandwa na homa. Alikuwa na mume, mama mkwe na majirani wanane, na alikuwa mpweke mpaka mifupani. Sasa tumboni mwake kulikuwa na mtu aliyeanza siku bila kungoja kutangaziwa, na yeye, mwenye kitambaa cheupe kiunoni, alipaswa kumpeleka akafanywe kama wote.

Asingempeleka. Alikata shauri palepale, punje ya mchele ingali mkononi.

"Mwanangu, keshacheza?" aliuliza Bi Kidawa siku iliyofuata, ambayo ilitangazwa kuwa Jumanne.

"Bado, mama."

"Bado? Tumbo lote hilo?"

"Bado, mama. Labda mvivu."

Bi Kidawa alimtazama. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho ya usingizi yasiyopitwa na kitu. Akavuta kigoda, akakaa karibu, ila si karibu ya kugusa.

"Mimi Machano nilimpeleka mwenyewe," alisema. "Kwa miguu yangu. Nilivaa nguo mpya. Alicheza asubuhi, kabla ya adhuhuri nimeshafika."

"Na hukujuta, mama?"

"Nijute nini? Mtoto mzuri. Hana makuu, hana matusi." Akapangusa kitu kisichokuwapo gotini. "Ila nikimwona mwanamume yeyote wa umri wake njiani, moyo unanidunda. Nasema, yule mwanangu. Akipita bila kuniamkia, naumia. Halafu anakuja mwingine."

 Mtoto alimpiga Zamoyoni teke chini ya ubavu, naye akakaza uso asijulikane.

Kuanzia hapo alianza maisha ya siri, na yalikuwa maisha matamu. Kipaza sauti kiliposema, "Leo ni jana," na mji mzima ukarudi nyuma, mtoto hakurudi. Jana aligusa, leo anasukuma, kesho anajigeuza ubavu mzima kama mtu anayetafuta upande wa baridi wa mto wa kulalia. Zamoyoni akagundua kwamba kuna njia nyingine ya kujua kwamba wakati unakwenda. Zilipita jana tatu mfululizo, watu wakazichapa kazi zilezile, na yeye akawa anatembea mbele yao wote akiwa amekaa palepale. Alimhurumia Machano anayepaka chokaa ukuta alioupaka jana na jana yake. Alitamani kumwambia. Jioni Machano alipokaa mbele yake, alikalia mikono yake yote miwili, ndivyo walivyofanya waume waaminifu wa mji ule ili viganja visije vikaponyoka, akamtazama tumbo kwa hamu mpaka Zamoyoni akageuza uso.

Kisha mtoto akanyamaza.

Hakushtuka mara moja. Alisema amelala. Alikunywa maji ya mtungi, baridi kabisa, akangoja. Alilalia ubavu wa kushoto, akangoja. Alikunywa uji wenye sukari nyingi, akapiga makofi karibu na kitovu, akaimba. Ikatangazwa Ijumaa. Ikatangazwa Ijumaa nyingine. Tumbo lilikaa kimya kama mnara ulivyokaa kimya asubuhi ile ya kwanza, na sasa alielewa wanachosikia wenziwe wanapongoja.  

Nimekuficha sana? Nimekuficha mpaka umejificha na kwangu? Piga. Piga hata ubavu, vunja, sitasema kitu. Mimi nilitaka uwe wako. Sikukwambia unyamaze. Au nilikwambia? Siku ile nilisema wasituone. Nilisema polepole. Mwanangu, nilikuwa natania. Mtoto wa watu anasikia maneno mabaya tu? Njoo. Uwe wao. Uwe wa yeyote. Njoo ukosee milango, ule maharagwe ya watu, upite bila kuniamkia, nitaumia na nitafurahi. Piga.

Kuna maswali ambayo watu wenye akili hupenda kuyauliza wakiwa wameshiba. Je, ni heri kutokuwapo kuliko kuwapo kwa amri ya mwingine? Zamoyoni alikuwa ameliuliza swali hilo miezi yote ya ujauzito wake, na alikuwa amejijibu vizuri tu. Lakini swali likiwa na miguu midogo, na miguu hiyo ikaacha kupiga, hakuna jibu linalobaki mahali pake. Mtu anayeyapima haya kwa mbali ataona kwamba alishindwa. Mimi sioni hivyo. Nadhani palepale, juu ya mkeka wa chumbani, ndipo alipokuwa mama, na lilikuwa jambo la kutisha zaidi kuliko alivyoambiwa.

"Machano," alisema. "Alicheza. Sikukwambia."

Machano alikuwa ananawa. Aliacha mikono ndani ya beseni. "Lini?"

"Siku ambayo hawakutangaza."

"Basi hakucheza."

"Alicheza, mume wangu. Amecheza siku nyingi. Sasa amenyamaza. Ijumaa mbili hizi sijamsikia."

Aliona rangi ikimtoka usoni, na kwa mara ya kwanza aliona uso wa Machano hasa, si wa mwenziwe yeyote. Kisha Machano akapiga kelele ambayo haikuwahi kusikika katika nyumba ile. "Umemuua! Kwa ukaidi wako umemuua mwanangu! Ulitaka awe nani? Awe kama wewe? Nani anayetaka kuwa kama wewe?"

Bi Kidawa aliingia mbio, khanga moja begani, nyingine inaburuta. Alipoelezwa habari hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Kile kiganja kinaamsha. Nimeona kwa macho yangu. Aliyelala kikimgusa anaamka. Nyanyuka, mwanangu, twende."

Zamoyoni akanyanyuka. Walikwenda mchana kweupe, yeye mbele, mume na mama mkwe nyuma. Njia nzima alijisemea moyoni neno moja tu, wachukue, wachukue, mradi wamwamshe, na akamaanisha kila herufi yake.

Chumba cha Mweka Kiganja kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani, kina kitanda cha kamba na dirisha moja. Mwenyewe alikuwa mzee mfupi, anakula embe kwa mkono wa kushoto, maji yanamchuruzika kidevuni. Mwanamke mhudumu alimfuta mdomo. Machano na Bi Kidawa walibaki nje kwenye ngazi.

"Lala chali, mama," alisema mhudumu, akamfungua kitambaa cheupe. "Limecheza lini?"

"Leo," Zamoyoni alidanganya. "Leo asubuhi."

Mzee alivua mfuko wa pamba. Mkono ulikuwa mweupe, mlaini, hauna mstari hata mmoja kiganjani, hauna kovu wala sugu. Zamoyoni alifumba macho. Kiganja kikashuka. Kilikuwa vuguvugu, na kilikaa pale pale chini ya kitovu, kizito kupita ukubwa wake. Alijikuta anakiombea. Mshike. Mchukue. Mpe chochote ulichonacho, hata kama huna kitu. Kiganja kikasogea kushoto. Kikasogea kulia. Kikakandamiza. Mzee alikohoa kile kikohozi cha mji mzima.

"Hamna," alisema.

"Tafadhali, bwana. Tazama tena."

"Hamna mtu humu."

"Alikuwapo! Nimemsikia mimi mwenyewe!"

Mzee hakukasirika. Alimtazama kwa upole wa mtu ambaye jambo halimhusu. "Kiganja kikisema hamna, mimba haikuwapo," alisema, akarudisha mkono mfukoni na kuchukua embe lake. Mhudumu alifungua dirisha, akamwita mtu chini, na Zamoyoni alipokuwa bado anatafuta viatu vyake kwa miguu, kipaza sauti kilikohoa mara mbili juu ya kichwa chake. Kikatangaza kwamba mke wa Machano hakuwahi kuwa na mimba. Kikatangaza kwamba leo ni Jumatano.

Alitoka nje. Jua lilimpiga machoni. Bi Kidawa alikuwa ameketi ngazi ya chini, amejifunika uso kwa khanga, mabega yanamtikisika. Machano alisimama ngazi ya kati, midomo imekauka. Zamoyoni alishuka ngazi moja. Akashuka ya pili.

Mtoto akapiga teke.

Lilikuwa teke la nguvu, la kisigino, lililomfanya ashike ukuta. Halafu la pili, kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa na kelele za watu wasio na adabu. Yu hai. Yu hai na ameushika upande wote wa kushoto. Zamoyoni alifungua kinywa ili apige kelele ya furaha, ambayo hata hao waliotangaza wangeisikia kule juu.

Nyuma yake mlango ulikuwa bado wazi. Hatua mbili tu. Angegeuka, akasema, "Ameamka," na mzee angeweka embe chini. Mtoto angekuwa na Jumatano yake, na jina lake, na mahali pa kusimama kati ya watu wanaosimama kwa pamoja. Asipogeuka, kitazaliwa kitu kisichowahi kuwapo. Hakitatangaziwa siku hata moja. Atamlea wapi? Atamwita nani aje kuweka mkono? Hakujua. Katika mji ule mzima hakujua kiganja hata kimoja kisichofanywa na Jumba. Lakini mtoto alikuwa amelala kimya chini ya ule mkono mweupe, kiganja hakikumpata, alingoja uondoke, ndipo akacheza. Huenda ni sadfa. Watu wenye akili watasema ni sadfa. Yeye aliona kwamba ameshajibiwa, na kwamba aliyejibu si yeye.

Kelele ikatoka, na alipoitoa aliigeuza kuwa kilio.

Alilia kama wanavyolia wafiwa, kwa sauti ya chini ya tumbo inayopanda mpaka inakatika. Watu walitoka madukani. Wanawake waliposikia, nao wakalia kumsindikiza, wakamwachia njia. Alililia mtoto aliye hai, na kila alipovuta pumzi mtoto alimpiga, na kila alipopigwa alilia zaidi, ili mtikisiko wa tumbo udhaniwe ni wa majonzi.

Machano alikuja juu, ngazi moja moja. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyapangusa.

"Zamoyoni," alisema. "Lile neno nililolisema nyumbani. Sikulimaanisha. Hukumuua wewe. Nisamehe, mke wangu."

Akamnyooshea mikono. Mimba haikuwapo tena, kitambaa kimeondolewa, hakuna kilichomzuia kumkumbatia mkewe. Zamoyoni aliviona viganja vyake vikimjia, viganja vya mtu aliyempenda kweli, vyenye chokaa kwenye kucha. Aliona pia kilichokuwa ndani yake, kile kiganja kisicho na mstari, kilichomgusa Machano kabla hajawa Machano. Kikimgusa yeye sasa, Jumba litakuwa limemfikia mtoto wake kwa mkono wa baba. Na lau angemweleza, Machano angekwenda kusema, si kwa ubaya, bali kwa sababu asingejua namna ya kutokusema.

Akapiga hatua moja kando. Mikono ikashika hewa.

Machano alisimama hivyo hivyo, mikono mbele, kama hajaelewa. "Unanichukia?" aliuliza. "Kwa lile neno?"

Mtoto alikuwa anajigeuza, taratibu, kichwa au mgongo, ukichora mduara mpana chini ya vazi lake. Zamoyoni alimtazama mumewe machoni. Alimpenda kuliko siku yoyote iliyowahi kutangazwa.

"Ndiyo," akasema.

Machano aliitika kwa kichwa. Alitia mikono yake mifukoni, akashuka kumnyanyua mama yake.